Limetowekaje, na bado lipo?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa Mwanza, mwaloni Kirumba. Binti yangu wa kidato cha tatu amekuja na habari kwamba kuna tumbawe huko Florida, Marekani, wanasayansi wametangaza limetoweka, halafu mstari unaofuata ukasema vipande vichache bado viko hai. Limetowekaje na bado lipo? Na hili jeupe lililo mezani kwetu, shemeji alilileta kutoka Dar, ndilo hilo? La mwisho, niambie bila kunionea haya: sisi watu wa ziwa jambo hili linatuhusu nini?

Jibu: Marahaba, fundi. Nitaanzia mezani kwako, kwa sababu hilo ndilo tumbawe unaloweza kulishika mkononi.

Silo la Florida. Lile linaitwa Acropora palmata, nami humu nitaliita tumbawe pembe, kwa kuwa matawi yake ni mapana, bapa, na yanatanuka kuelekea juu. Makao yake ni Bahari ya Karibi, Bahama na kusini mwa Florida. Bahari ya Hindi halijafika. La shemeji yako limeng'olewa pwani yetu, ila linaweza kuwa ndugu yake, maana jenasi ya Acropora ina spishi nyingi kuanzia Tanga hadi Mtwara. Mwambie binti apige picha ya karibu ya ncha za matawi. Akiona kila ncha ina kikombe kimoja kilichokaa kileleni peke yake, na vikombe vidogo vimejipanga ubavuni, hiyo ni Acropora. Akikosa kikombe cha kileleni, ni jamii nyingine.

Kisha adondoshe tone la siki au ndimu upande usioonekana. Litatoa povu. Tone hilohilo akilidondosha kwenye jiwe lolote la mlima wa Mwanza, au hata kwenye Jiwe la Bismarck lenyewe, halitafanya kitu. Mawe yenu ni graniti, miamba iliyoyeyuka ikapoa chini ya ardhi, na hakuna kiumbe aliyeyajenga. Lile la mezani ni chokaa tupu, na kila chembe yake iliwekwa na mnyama.

Mnyama huyo anaitwa polipi. Ni laini, ana milimita chache, ana mdomo mmoja uliozungukwa na vimkono vyenye sumu ya kunasia windo, na mdomo huohuo ndio njia ya kutolea uchafu. Kila kikombe unachokiona kilikuwa chumba cha mmoja wao. Huchota madini ya kalisi kwenye maji ya bahari, hutengeneza chokaa chini ya tumbo lake, hupanda juu kidogo, hujigawa, na jirani mpya naye huanza kujenga. Hata ziwani kwenu wapo jamaa zake: yavuyavu wadogo wa maji baridi wa jenasi ya Limnocnida, ambao si wengi waliowahi kuwaona. Lakini tumbawe lenyewe haliwezi kuishi Victoria. Maji ya ziwa hayana chumvi, mwili wa polipi ungevimba kwa kunywa maji usiyoyataka, na kalisi iliyomo ni kidogo mno ukilinganisha na ile ya baharini, ambayo hukaribia miligramu 400 kwa kila lita. Pia mwanga haufiki chini vya kutosha, jambo nitakalolirudia.

Mwanga una kazi kwa sababu ndani ya nyama ya polipi vinaishi vimwani visivyoonekana bila hadubini. Vichukulie kama wapangaji. Polipi anavipa makazi pamoja na taka zake, ambazo kwao ni mbolea. Vyenyewe hulipa kodi kwa sukari vinayoitengeneza kwa jua, na kodi hiyo inaweza kufika asilimia 90 ya mahitaji ya nguvu ya mwenye nyumba. Maji yakipanda nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la kilele cha kiangazi, yakakaa hapo kwa wiki kadhaa, vimwani huanza kutoa kemikali zinazomuunguza polipi kutoka ndani, naye huvifukuza. Rangi ilikuwa ni ya kwao, kwa hiyo inaondoka nao, na chokaa nyeupe inaonekana kupitia nyama. Hiyo ndiyo inayoitwa kupauka. Tumbawe lililopauka bado li hai, ila lina njaa. Joto likishuka mapema hupona, likikaa hufa.

Sasa tumbawe pembe lenyewe. Lilikuwa mjenzi mkuu wa sehemu ya juu kabisa ya miamba ya Karibi, pale mawimbi yanapovunjikia, hasa kwenye kina cha mita moja hadi tano. Tawi lake hurefuka sentimita 5 hadi 10 kwa mwaka. Kwako wewe unayengoja mbao zikauke huenda hiyo ni polepole, lakini matumbawe ya duara yanayokaa jirani yake mara nyingi hayafikishi hata sentimita moja. Kasi hiyo ndiyo iliyolipa uwezo wa kuifuata bahari ilipokuwa inapanda. Na kwa kuwa halipendi kwenda mbali na uso wa maji, mifupa yake ya kale imekuwa rula ya wanajiolojia: mwaka 1989 Richard Fairbanks alichapisha matokeo ya kutoboa miamba iliyozama nje ya kisiwa cha Barbados, akayapima umri mabaki ya tumbawe hili, na akaonyesha kwamba kwenye kilele cha enzi ya barafu ya mwisho bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa takriban mita 120. Ziwa Victoria nalo, miaka kama 15,000 iliyopita, lilikuwa limekauka. Tumbawe pembe lilipita kwenye mabadiliko hayo yote likiwa hai. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodai ni kiumbe dhaifu, kwamba kingekufa tu. Si kweli.

Sasa nakuja kwenye swali lako lenyewe, na hapa naomba uvumilivu, maana jibu limo katika namna linavyozaliana.

Lina njia mbili. Ya kwanza ni kuvunjika. Dhoruba inapiga, tawi linakatika, linaangukia mita chache pembeni, linashika mwamba na kuendelea kukua. Kwa njia hii tumbawe pembe hujaza eneo haraka, na tufani ambayo mtu wa nchi kavu angeihesabu kuwa msiba kwalo ilikuwa ni upanzi. Lakini kila kipande ni nakala ileile. Unaweza kuogelea juu ya matawi ya eneo zima ukadhani umepita mamia ya matumbawe, kumbe kwa vinasaba ni mmoja.

Ya pili hutokea mara moja kwa mwaka. Kwa kawaida ni Agosti, siku chache baada ya mwezi mpevu, mnamo saa nne au saa tano za usiku. Kila polipi ni dume na jike kwa pamoja, na usiku huo husukuma nje kifurushi kidogo cha rangi ya waridi chenye mayai na mbegu za kiume. Vifurushi vinapanda mpaka juu ya maji na kupasuka, na hapo ndipo mbegu inapotafuta yai. Tatizo ni kwamba yai la tumbawe pembe kwa sehemu kubwa hukataa mbegu ya mzazi wake mwenyewe. Inatakiwa mbegu ya mwingine, mwenye vinasaba tofauti, aliyetoa usiku uleule, naye awe karibu, kwa sababu mbegu zikishatapakaa kwenye maji mengi hazikutani na chochote, na baada ya saa chache zinakuwa zimekufa. Kiluwiluwi, yaani mtoto wa tumbawe, kikipatikana huelea siku kadhaa kisha kinatafuta pa kutua: mwamba safi, hasa uliofunikwa na ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaoshikana na jiwe kama rangi ya ukutani. Kikikuta majani ya mwani laini au matope, kinakufa.

Hesabu basi masharti: wawili tofauti, jirani, usiku mmoja, mwamba safi. Hata nakala elfu moja za tumbawe moja hazitimizi sharti la kwanza.

Ndiyo maana binti yako alisoma mistari miwili iliyoonekana kugombana. Oktoba 2025 jarida la Science lilichapisha kazi ya Derek Manzello wa idara ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, pamoja na wenzake wengi. Walifuatilia makoloni, yaani makundi ya polipi walioungana, zaidi ya 52,000 ya tumbawe pembe na ndugu yake mwenye matawi membamba, Acropora cervicornis, kupitia joto la mwaka 2023. Katika visiwa vya Florida Keys na Dry Tortugas walikuta vifo kati ya asilimia 97.8 na 100. Kaskazini zaidi, karibu na Miami na kuendelea, maji yalikuwa na nafuu kidogo na vifo vilikuwa karibu asilimia 38. Hitimisho lao ni kwamba spishi hizi mbili zimetoweka kiutendaji katika mwamba wa Florida. Maana yake, waliobaki ni wachache na wametawanyika mno kuweza kuzaana wenyewe, na hawajengi tena mwamba kwa kasi inayozidi ile unayobomoka. Kibiolojia wapo. Kazi yao haipo. Na huko ni Florida tu. Sehemu nyingine za Karibi tumbawe pembe bado linatoa mayai kila Agosti, ingawa kwa unyonge.

Joto la 2023 halikukuta mtu mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko St. Croix, kisiwa cha Karibi, iliandikwa kwa mara ya kwanza habari ya ugonjwa wa mkanda mweupe, unaovua nyama ya tumbawe kuanzia chini ya tawi kwenda juu na kuacha mfupa. Uliendelea Karibi nzima. Mwaka 1980 tufani Allen iliipiga Jamaika, na safari hii vipande vingi vilivyovunjika vilikufa, kwa hiyo ule upanzi wa zamani haukutokea. Mwaka 1983 na 1984 maradhi yaliua karibu wote wa Diadema antillarum, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi ambaye jamaa zake watu wa pwani yetu wanawajua kwa nyayo. Kazi yake ilikuwa kula mwani juu ya mwamba. Alipokufa mwani ukafunika kila kitu, na viluwiluwi vikakosa pa kutua. Katika maeneo mengi zaidi ya asilimia 90 ya tumbawe pembe ilikuwa imekwisha kabla hata dunia haijaanza kuzungumzia kupauka. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ikaliweka kwenye sheria yake ya viumbe walio hatarini, na 2008 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikaliweka kwenye daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka porini. Nyaraka nzuri, lakini hazipozi maji.

Kuna pigo moja nililoliacha kwa makusudi, kwa sababu ndilo la mtu wa mjini. Mwaka 1996, karibu na Key West, yalionekana mabaka meupe kwenye tumbawe pembe. Uchunguzi uliochapishwa 2002 ulimtaja bakteria Serratia marcescens, na mwaka 2011 timu ya Kathryn Sutherland ilionyesha kwamba aina iliyotoka kwenye maji taka ya binadamu inaliambukiza tumbawe lenye afya na kuliuguza. Kwa lugha ya mwaloni: choo cha mtu kilimuua mnyama wa baharini. Visiwa vile vilikuwa vimejengwa juu ya chokaa yenye matundu, na mashimo ya vyoo yalivujia moja kwa moja baharini. Baadaye wakajenga mifumo ya kukusanya na kusafisha maji taka, kwa gharama kubwa, na katika mapigo yote hili ndilo pekee ambalo mji uliweza kulikabili bila kumngoja mtu mwingine yeyote duniani.

Umeniomba nisikuonee haya, basi sitakudanganya kwamba mto Mirongo wa hapo mjini kwenu ukisafishwa Florida itapona. Haitapona kwa hilo. Jambo linalowahusu watu wa ziwa, kwa maoni yangu, ni ule ukweli kwamba kiumbe anaweza kuhesabiwa yupo huku uzao wake umeshakatika, na kwamba Ghuba ya Mwanza ni mojawapo ya mahali duniani ambapo jambo hilo limepimwa vizuri kuliko pengi.

Unawajua furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza ghubani kwenu mwaka 1977, kabla sangara hajatawala. Sangara aliletwa miaka ya 1950, akalipuka idadi miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi kama 200 za furu zilipotea au zikawa hazionekani tena. Hiyo sehemu kila mvuvi anaisimulia. Sehemu isiyosimuliwa ni ya furu wa kwenye mawe, ambao sangara hakuwafikia sana. Wapo wawili wa jenasi ya Pundamilia: mmoja amepewa jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei, na dume lake lina wekundu mgongoni, mwingine ni Pundamilia pundamilia, mwenye dume la buluu. Jike huchagua mume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yanapochafuka kwa udongo na mwani, jike hashindwi kupata dume, anashindwa kumtambua wa kwake, na spishi mbili zinayeyukiana. Kwenye kisiwa cha Makobe, maji yakiwa meupe kiasi, wekundu na buluu wako mbalimbali mpaka leo. Ukiingia ndani ya ghuba hadi Luanso, ambako maji ni tope, utakuta hasa samaki wa katikati. Ukihesabu furu wa Luanso utapata wengi. Ukiuliza spishi ziko ngapi, jibu litakusikitisha.

Nilisomea bahari, kazi yangu sasa iko ziwani, na kila nikisoma habari za Florida nawakumbuka hao wa Luanso. Kule mbegu haikutani na yai kwa sababu ya umbali, huku jike hamwoni mume kwa sababu ya giza. Na kilicholeta giza ni kilekile kilicholisha mwani juu ya miamba ya Karibi: mbolea ya mashamba, udongo wa miteremko iliyokatwa miti, na choo. Hapo Mirongo unaingia, kwa haki yake yenyewe, bila kuitafutia Florida.

Je, lile tumbawe litarudi? Wanajaribu, na sipendi dhihaka wanazopigwa. Kwa miaka mingi walikuwa wakikata vipande, wanavilea kwenye vitalu vya chini ya maji na kuvipandikiza mwambani. Joto la 2023 liliua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na udhaifu wake unaujua sasa: nakala ni nakala. Siku hizi mkazo uko kwenye kuchanganya wazazi. Mwaka 2018, huko Curaçao, mayai ya kisiwa hicho yalirutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa kutoka sehemu nyingine za Karibi, na watoto wakaishi. Mwaka 2025, karibu na Miami, walipandikizwa watoto ambao mzazi mmoja ni wa Florida na mwingine wa ghuba ya Tela, Honduras, ambako tumbawe pembe linastawi kwenye maji ya moto na machafu kiasi cha kuwashangaza wanasayansi. Mimi naliunga mkono hilo la Tela. Wapo wanaoogopa kuleta damu ya mbali, na zamani ningewasikiliza zaidi. Ila pale ambapo wenyeji hawawezi tena kuzaana, usafi wa ukoo haumsaidii mtu. Watastahimili joto la miaka ijayo? Hilo litaamuliwa na moshi wa dunia nzima kuliko ustadi wa wapiga mbizi.

Kwetu, matumbawe ya Tanzania yalipauka vibaya mwaka 1998, yakapauka tena 2016 na 2024. Sehemu nyingine, hasa zilizolindwa vizuri kama Chumbe, Zanzibar, zimevumilia kuliko zile zilizokuwa zimeshapigwa baruti au kuchimbwa na kuchomwa chokaa. Hilo nalo linarudi kwenye ujirani: mwamba uliovunjwavunjwa una matumbawe machache yaliyo mbalimbali, na mwaka wa joto unamaliza yaliyobaki.

Hilo la mezani lifute vumbi uliache. Likisharudishwa baharini halifufuki. Ila mwambie shemeji asilete jingine: matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka bila kibali kunaweza kumponza. Binti akienda likizo kwa shemeji huyo, ampeleke Mbudya au Bongoyo, ni safari fupi ya boti kutoka Dar, na visiwa vyote viwili vimo katika hifadhi ya bahari. Aende kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, maji huwa meupe zaidi. Akodi miwani ya kuogelea, asikanyage kitu, na atafute kwanza ncha za matawi: zikiwa na weupe au ubuluu hafifu, hapo ndipo vikombe vya kileleni vinapokua, na vimwani bado havijahamia.